Je, Wajua? Barua Iliyozaa Riwaya ya Wanawake wa Nyumba Moja

Riwaya ya La casa de los espíritus, yaani Nyumba ya Mizimu, iliyochapishwa mwaka 1982, ilitokana na barua ambayo Isabel Allende, mwandishi wa Chile, alianza kuiandika tarehe 8 Januari 1981 akiwa uhamishoni Venezuela, baada ya kupata habari kwamba babu yake alikuwa mahututi. Hiyo ni riwaya ya kihistoria, maana yake wahusika ni wa kubuni ilhali misukosuko inayowakumba, yakiwemo mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973, imechotwa katika historia ya kweli, ingawa jina la Chile halitajwi. Katika riwaya hiyo, Clara, binti yake Blanca na mjukuu wake Alba huishi katika jumba moja, ambalo Clara huliongezea vyumba, ngazi za kujipinda na milango isiyoelekea popote. Clara pia huandika mambo ya ukoo katika madaftari na, baada ya Alba kuteswa na wanajeshi, madaftari hayo ndiyo yanayomwezesha kusimulia habari za familia nzima. Kumbukumbu za akina mama na nyanya, basi, zinastahili kuandikwa na kutunzwa, kwani nazo ni ushahidi wa historia ya taifa.