Wachukuzi wa Kukodiwa Katika Anga

Kila askari aliyepata kulinda kituo cha mpakani anafahamu kwamba kituo hakiishi kwa bunduki peke yake. Huishi kwa lori la chakula, maji na mafuta. Na lori likichelewa, mkuu wa kituo huanza kuhesabu magunia ghalani. Yapata kilomita 400 juu ya uso wa dunia kipo kituo cha namna hiyo. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Chakula chake, nguo na vipuri hutoka duniani. Na tangu mwaka 2012, Marekani hupeleka mizigo yake huko kwa kuyalipa makampuni ya biashara, kama mwenye lori alipwavyo kwa safari.

Asili ya utaratibu huo ni msiba. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kilisambaratika kilipokuwa kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 waliokuwamo wakafa. Mwaka uliofuata Rais George W. Bush alitangaza kwamba vyombo vya aina hiyo vitaondolewa kazini mara ujenzi wa kituo utakapokamilika. Hapo likazuka swali: nani atapeleka mizigo?

Desturi ya NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ilikuwa kumlipa mkandarasi gharama zake zote, kisha kumwongezea faida. Mkandarasi akichelewa, serikali ndiyo iliyoumia. Mwaka 2006 NASA ilijaribu njia nyingine. Ilieleza tu mzigo gani ufike wapi, ikatenga fedha za kusaidia ujenzi, na kuzitoa hatua kwa hatua. Hatua ikikamilika, malipo hutoka, isipokamilika, hayatoki. Fedha zilizosalia kampuni ilipaswa kuzitafuta yenyewe, na chombo kikabaki mali yake.

Ukali wa masharti hayo ulionekana mapema. Agosti 2006 yalichaguliwa makampuni 2: SpaceX, iliyoasisiwa mwaka 2002 na Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, na Rocketplane Kistler. Hii ya pili ilishindwa kukusanya mtaji. Oktoba 2007 NASA ikavunja mapatano, ikiwa imekwisha kulipa dola milioni 32 tu kati ya milioni 207. Nafasi hiyo ikapewa Orbital Sciences mwaka 2008. SpaceX nayo haikupata mteremko. Roketi yake ndogo, Falcon 1, iliyorushwa kutoka kisiwa cha Omelek katika eneo la majaribio la Jeshi la Marekani, Bahari ya Pasifiki, ilishindwa mara 3 mfululizo kabla ya kufaulu tarehe 28 Septemba 2008. Hazikupita hata siku 100, kampuni hiyo ikatia saini mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12. Orbital ilipata bilioni 1.9 kwa safari 8. Mei 2012 chombo cha SpaceX kiitwacho Dragon kilifika kituoni, na Septemba 2013 kikafuata Cygnus cha Orbital.

Kwa upande wa fedha, serikali haikupunjika. Msaada wa ujenzi kwa makampuni hayo mawili haukufika dola milioni 700, ilhali NASA yenyewe ilikadiria kwamba roketi ya Falcon 9 peke yake, kwa desturi ya kale, ingegharimu karibu bilioni 4.

Hata hivyo, unafuu wa bei si ugavi. Marekani ilichagua wachukuzi wawili makusudi, ili mmoja akianguka mwingine asimame. Mtihani ulikuja upesi. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya Orbital, Antares, ililipuka punde tu baada ya kuruka kutoka Wallops, Virginia, ikiwa na injini zilizoundwa katika Urusi ya Kisovieti miongo 4 nyuma. Aprili 2015 chombo cha mizigo cha Warusi kikapotea. Tarehe 28 Juni 2015 Falcon 9 ikapasuka angani. Njia 3 ziliharibika ndani ya miezi 8! Kituo hakikulala njaa kwa sababu akiba ilikuwapo, na kwa kuwa Warusi na Wajapani walifikisha mizigo katika Julai na Agosti. Orbital ilinunua roketi ya kampuni nyingine, Atlas, na Desemba 2015 ikarudi kazini.

Antares ilipofufuliwa, injini zake zilitoka Urusi na sehemu kubwa ya mwili wake Ukraine. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, njia ya vipuri ikazibika, na Antares ya mwisho ya aina hiyo iliruka Agosti 2023. Kuanzia Januari 2024 Northrop Grumman, iliyokwisha kuinunua Orbital, ikaanza kupakia Cygnus juu ya Falcon 9, yaani roketi ya mshindani wake. Wachukuzi walibaki wawili kwa jina, lakini lori likawa moja.

Hatari ya hali hiyo ilijitokeza tarehe 5 Juni 2025. Musk, akiwa katika ugomvi wa hadharani na Rais Donald Trump, alitangaza kwamba SpaceX itaanza mara moja kuviondoa kazini vyombo vya Dragon, ambavyo wakati huo vilikuwa pia njia pekee ya Marekani ya kupeleka wanaanga kituoni. Saa chache baadaye alilifuta tamko lake. Ikumbukwe kwamba hakuna mkataba uliokuwa umevunjwa wala roketi iliyokuwa imeharibika. Mtu mmoja alikuwa amekasirika.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2024, NASA iliipa kampuni hiyo hiyo kazi ya kuunda chombo cha kukishusha kituo baharini utumishi wake utakapokwisha, kwa malipo yasiyozidi dola milioni 843. Chombo hicho, tofauti na Dragon za mizigo, kitakuwa mali ya serikali, na NASA ndiyo itakayokiendesha.