Folda ipo, seva inawaka, mbona haifunguki?

Jumapili moja jioni mwenzetu tunayekaa naye nyumba moja alijaribu kufungua folda yake kwenye seva ya pale nyumbani, akakataliwa. Ndani yake mlikuwa na rekodi za mahojiano ya tasnifu yake: watu waliomsimulia mambo mazito kwa ahadi kwamba hakuna mwingine atakayewasikia. Akamwomba jamaa wa chumba cha pili ajaribu kwa laptopu yake. Ikafunguka mara moja. Hapo kila mtu akaacha kula.

Mwenye mali kafungiwa nje, asiye mwenye mali yuko ndani. Inawezekanaje?

Seva yenyewe si kitu cha ajabu. Ni kompyuta ya mezani ya zamani yenye diski mbili, inaendeshwa na Linux, na juu yake kuna programu inayoitwa Samba. Kompyuta za Windows hushirikishana faili kwa lugha yao inayoitwa SMB, na kazi ya Samba ni kuiwezesha mashine ya Linux kuielewa lugha hiyo na kuijibu. Aliyeianzisha ni Andrew Tridgell wa Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukilitazama jina, herufi S, M na B zimo humo humo.

Sasa, unapobofya folda iliyoko kwenye seva unapita vizuizi vinne, si kimoja. Fikiria nyumba ya kupanga: kwanza njia ya kufika getini, halafu mlinzi anayekuuliza wewe nani, halafu mlango wa chumba, halafu kufuli la kabati. Kukwama popote kati ya hapo kunaonekana sawa tu kwa aliyekaa mbele ya skrini: “haifunguki”. Ndiyo maana watu wengi hubadilisha mipangilio kumi kwa mpigo, tatizo likiisha hawajui kilichotibu ni kipi, na mara nyingi wameacha milango mingine mitatu wazi.

Anza na ujumbe wa kosa. Windows ikikwambia njia ya mtandao haikupatikana (mara nyingi na msimbo 0x80070035), hujafika getini. Ikisema huna ruhusa, hiyo ni habari njema kiasi: umefika, umesikika, umekataliwa. Ukishapata jibu hilo, achana na waya na ruta, tatizo haliko huko.

Kwa wale ambao hawajafika getini, jaribio ni rahisi. Andika ping ikifuatiwa na anwani ya seva, mfano 192.168.1.20. Kama hakuna jibu, huenda ruta imeigawia seva anwani nyingine baada ya umeme kukatika na kurudi. Kwetu hilo limetokea zaidi ya mara moja mpaka tukaifungia anwani yake kwenye ruta. Au umeunganishwa kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida hutengwa makusudi isione vifaa vya ndani. Kama ping inajibu lakini seva haionekani kwenye orodha ya mtandao ya Windows, usihangaike sana na orodha. Andika mwenyewe \\192.168.1.20 kwenye kisanduku cha anwani. Kutoonekana na kutofikika ni mambo mawili tofauti.

Orodha ile ilikuwa ikitegemea toleo la kwanza la SMB, na hapa naomba nikae kidogo, maana ushauri utakaoupata haraka mtaani ni “washa SMB1”. Usiwashe. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo, na hospitali nyingi za Uingereza zikakwama kufanya kazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Windows 10 ikaacha kuliweka toleo hilo kwenye usakinishaji mpya. Kama seva yako ni ya kale kiasi kwamba haijui lugha nyingine, sasisha seva, usiishushe laptopu.

Mlinzi naye ana tabia zake. Samba hutunza orodha yake ya paswedi, tofauti na paswedi unayoingilia Linux. Unaweza kuwa umemsajili mtu kwenye mashine na bado Samba haimjui, mpaka uandike smbpasswd -a na jina lake. Upande wa pili, Windows hukumbuka jina na paswedi ulizotumia mara ya kwanza, na haikubali uingie seva ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ukihisi umeshikwa na kumbukumbu ya zamani, amri ya net use * /delete inakata miunganiko yote ya mtandao iliyopo, kisha unaingia upya.

Kwa mwenzetu haya yote yalikuwa sawa. Paswedi ilikubali, folda kuu iliorodheshwa, ya kwake ikakataa. Tatizo lilikuwa kwenye kabati.

Linux haiandiki kwenye diski kwamba faili ni ya fulani kwa jina. Inaandika nambari. Kwenye mifumo mingi mtumiaji wa kwanza hupewa 1000, wa pili 1001, wa tatu 1002, kwa mpangilio wa kusajiliwa. Wiki moja kabla, diski ya mfumo ilikufa, tukasakinisha Linux upya kwenye diski nyingine na kuichomeka ile ya data kama ilivyokuwa. Tukasajili watu upya, ila kwa mpangilio tofauti. Aliyekuwa 1001 akawa 1002, na jamaa wa chumba cha pili akapewa 1001. Diski ya data haikujua lolote. Kwake folda ni ya 1001, na 1001 amekuja na paswedi sahihi, apite.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Andika ls -ln, utaona nambari badala ya majina. Kisha id na jina la mtu, utaona nambari yake ya sasa. Zisipolingana umempata mchawi. Tukatumia chown -R kurudisha umiliki kwa mwenyewe, kwa folda ile moja tu, njia ikiwa imesomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu amri hiyo haiulizi mara mbili.

Kabla ya hapo mmoja wetu (sitamtaja, ni mimi) alikuwa ameshaanza kuandika chmod -R 777. Ingefungua kweli. Inampa kila mtumiaji wa mashine ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta, yaani mahojiano yale yangekuwa ya nyumba nzima.

Jamaa hakuwa amefungua rekodi hata moja, na majina ya faili yalikuwa namba za siri, si majina ya watu. Hata hivyo mwenzetu alimwandikia msimamizi wake usiku uleule kueleza kilichotokea. Rekodi sasa amezifunga kwa kuzisimba, na ufunguo anao yeye peke yake, kwa sababu ruhusa za Linux humzuia mtumiaji mwingine, lakini hazimzuii anayesimamia seva wala anayechomoa diski na kwenda nayo.