Mikoko Haiingii Kwenye Wosia

Mzee wa Nyamisati, katika delta ya Rufiji, mwenye minazi, mikorosho na mashua, anayetaka wadhamini wawashikie wajukuu mali hadi watimize miaka 18, asikimbilie kila mwenye kompyuta na muhuri amwandikie wosia.

Amtafute wakili, au aende RITA, wakala wa serikali unaoandika na kutunza wosia. Uwakili wa mtu huhakikiwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Kisha amhoji huyo atakayemwandikia. Je, anajua kuwa mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi wa serikali, hivyo jaruba la mpunga lililofyekwa humo si mali ya kurithisha? Na kwa Mwislamu, kwamba wosia hauvuki theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi bila ridhaa ya wenzake? Akibabaika hapo, mzee achukue kofia yake aondoke.