Duka la Vitabu Kijijini: Kodi ya Pango Inatoka Wapi?

Wigtown, kusini-magharibi mwa Uskoti, ina wakazi kama 1,000. Kiwanda cha wiski cha jirani, Bladnoch, kilifungwa mwaka 1993. Mwaka 1998 Wigtown ikatangazwa mji wa vitabu wa taifa, mpango wa kuufufua mji kwa maduka ya vitabu. Je, watu 1,000 wanatosha kuliweka hai duka huru, yaani lisilo tawi la kampuni kubwa?

Tuchukue kitabu kipya cha pauni 8.99. Mwenye duka akipunguziwa asilimia 40, faida ghafi, yaani kinachobaki kabla ya pango, umeme na mishahara, ni pauni 3.60. Tuseme gharama hizo ni pauni 2,000 kwa mwezi. Hayo ni makadirio yangu, tena ya chini, maana mwenye duka bado hajajilipa. Atahitaji kuuza vitabu 556, au 21 na ushee kila siku kwa siku 26. Tukichukulia mji una maduka 10, ni vitabu 5,560: kila mkazi, hata mtoto mchanga, anunue vitano na nusu kila mwezi. Vitabu vya mtumba huacha faida kubwa zaidi kwa nakala, lakini wanunuzi ni walewale 1,000. Kwa hiyo mgeni lazima aje.

Bei nayo ina yake. Makubaliano ya kila duka kuuza kitabu kwa bei moja iliyopangwa na mchapishaji yalivunjika Uingereza mwaka 1995. Mwaka 2007 kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilipangiwa pauni 17.99, supamaketi za Asda zikakiuza kwa 5. Kwa punguzo lilelile la asilimia 40, duka dogo lingekinunua kwa 10.79. Likifuata bei ya Asda, linapoteza 5.79 kwa kila nakala. Ufaransa, sheria ya 1981 inaruhusu punguzo la asilimia 5 tu.

Maduka huru ya Uingereza na Ireland yalikuwa 1,894 mwaka 1995, 867 mwaka 2016 na 1,072 mwaka 2022. Ongezeko la asilimia 24 linafurahisha, nami nimelifurahia. Lakini yalipotea 1,027, yakarudi 205: moja kwa kila matano. Tena idadi ya milango iliyo wazi haionyeshi ni mingapi inayojilipia.

Wigtown kuna duka liitwalo The Open Book. Mgeni hulipia chumba cha ghorofani, asubuhi hushuka, huandika ubao wa nje kwa chaki, hupanga rafu, huuza. Pesa ya mauzo si yake, na bado watu huweka nafasi miaka kabla. Mvuto wa duka, ambao naupenda kwa moyo wote, hapo una bei inayohesabika, na bei hiyo ni ya kitanda.