Jina lako kazini liandikwe sawasawa

Tuseme jina lako ni Ng'washi, jina la Kisukuma. Umepata kazi mjini. Msimamizi linamshinda kulitamka. Anasema, "Wewe tutakuita John." Unaitika, maana kazi unaitaka.

Kuitwa John si kosa. Hatari ni pale John anapoingia katika orodha ya mishahara. Michango yako ya NSSF yaweza kuandikwa kwa John, na kitambulisho chako cha Taifa kinasema Ng'washi. Siku ya kudai mafao utaulizwa, "John ndiye nani?" Hapo utahangaika kutafuta hati ya kiapo.

Basi mfundishe msimamizi: ng' ya ng'ombe. Kisha usome jina lako mwenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kutia sahihi. Kusoma si unajua?