Utangulizi: Kujuana Katika Biashara ya Viumbe Hai

Kujuana ni taaluma ambayo wengi huidhania ni ya kubadilishana namba za simu na kunywa soda hotelini. Kijana aliyetengeneza programu ya simu huenda hayo yakamtosha: kompyuta anayo, intaneti anayo, akipata mteja kazi imeanza. Anayefuga bakteria hana bahati hiyo. Anahitaji jokofu ambalo umeme ukikatika halizimi, mashine ya kutakasa vyombo, na mtu wa kumweleza kwamba dawa inasajiliwa na mamlaka ya TMDA na kiuatilifu cha mimea na mamlaka ya TPHPA. Vitu hivyo viko mikononi mwa wengine. Kwa hiyo kwetu sisi kujuana ni sehemu ya maabara yenyewe.

Tuanzie Kongowe, ile ya Kibaha kwenye barabara ya Morogoro. Mji huu wa Kibaha una hazina ambayo wakazi wake wengi huipita kwa daladala bila kuitazama: hospitali ya Tumbi, kituo cha utafiti wa miwa cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, viwanda vya dawa, na taasisi ya chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Hapo ndipo inapotengenezwa chanjo ya mdondo wa kuku iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi na kutolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu hivi. Ifuatilie chanjo hiyo hadi kwa kuku wa Kisarawe. Inataka mayai safi ya kukuzia kirusi, vichupa vyenye kidondoshi, msafirishaji, na mchanjaji wa kijijini anayeaminika. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuwa kampuni changa ya mtu, endapo atajua kuwa nafasi ipo. Nani wa kumwambia?

Kibaha hiyohiyo ina kiwanda cha TBPL cha Shirika la Taifa la Maendeleo, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Sayansi yake haikuwa na tatizo. Wanunuzi ndio waliokosekana, hata Juni 2017 Rais Magufuli akaagiza halmashauri zikachukue dawa hiyo. Mjasiriamali mdogo hana rais wa kumwagizia wateja. Maofisa afya wa halmashauri inafaa awajue kabla hajajaza pipa la kwanza.

Msaada upo: shirika la viwanda vidogo, SIDO, tangu 1973; tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na kituo chake cha ubunifu cha Buni; na mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanza 2019. Ila, kwa maoni yangu, tumezoea mno kutoa tuzo. Makofi yakiisha mshindi hurudi kwenye chumba kisicho na darubini. Kule Cambridge, Massachusetts, LabCentral ilianza 2013 kwa kukodisha meza za maabara kwa kampuni changa, vifaa vikiwa vya pamoja. Hatuhitaji jengo la fahari kama lile ili kukodisha meza moja Kibaha.

Basi msomaji, kabla hujaandika barua kwa mfadhili, orodhesha mashine usizo nazo, kisha uulize ni nani Kibaha aliye nazo na siku gani hazitumiki.