Jeep ndogo inajaa kwa kilo, si kwa nafasi

Vakansi za shule zimefika na familia nyingi za Kolwezi zinapanga kwenda kulala inje ya muji. Mbele ya kufunga mizigo, tuangalie kwanza namna ya kuipanga.

Watoto wakishafunga shule mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku ya posho asubuhi muji unabadilisha sura. Mu Manika na mu Dilala, mbele ya nyumba nyingi utaona jeep ndogo yenye milango yote wazi. Chini, kwenye bashi, nusu ya nyumba iko pale: godoro, sufuria, mbabula, bido, gunia la unga. Wamoja wanaenda kulala usiku mbili kando ya ziwa la Nzilo, lile lililozaliwa na barrage ya mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wazee walikuwa bado wanaliita Delcommune. Wengine wanaenda kwenye shamba la familia. Wengine wanapeleka watoto kusalimia bibi mu kijiji, na watalala chini ya bashi sababu nyumba ya bibi ni ndogo.

Mazungumzo kwenye kiwanja ni yale yale kila mwaka.

– Ba papa, na mbabula je?
– Leta, nafasi iko.
– Na ile bido ingine ya mayi?
– Leta tu, tutaisukuma.

Kosa njo liko mu neno lile: nafasi. Tunaangalia kama kitu kinaingia. Hatuulize kinabeba kilo ngapi.

Mawe yametufundisha

Lakini watu wa hapa njo wangepaswa kujua kupita wengine. Muchimbaji hapimi mufuko kwa macho. Anajua ya kama gunia la makala linaweza kufika kwenye kifua cha mutu na mutoto mukubwa akalisukuma, na mufuko mudogo wa malachite, wenye haufike hata kwenye goti, unavunja mugongo wa kijana mwenye nguvu. Ndoo ya litri 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ndoo ile ile ikijaa malachite ya kuvunjwa inapita mara mbili ya pale. Nafasi ni moja, uzito ni mbalimbali.

Kule Musompo hakuna mutu anayeuza kwa ukubwa wa mufuko. Kila kitu kinapita kwenye balansi. Akili ile ya mu kariere tunaiacha mulangoni tunapofika nyumbani, na jeep tunaijaza kama vile ni kabati.

Hesabu ya familia moja

Jeep nyingi ndogo za hapa kwetu zilitoka Japani. Zilishuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwa Kasumbalesa, usukani wao uko kuume. Toyota RAV4, ambayo Toyota ilianza kuiuza mu 1994, ni moja ya zile zinazopendwa sana. Ni gari nzuri, inapita kwenye vumbi na mashimo. Lakini si Land Cruiser ya mugodi, ile yenye bendera na taa ya kuzunguka juu. Land Cruiser ile iko na shasi ya chuma peke yake chini, na bodi imewekwa juu yake. RAV4, bodi yenyewe njo inabeba yote. Ukiona zote mbili zinapita kwenye tope moja, usifikiri zinabeba mizigo moja.

Kule Japani, karatasi ya gari la watu inahesabu mutu mumoja kwa kilo 55. Gari la nafasi tano linapewa kilo 275, basi. Tupime sasa familia ya Kolwezi: baba kilo 75, mama kilo 65, watoto watatu kilo 45, 35 na 25. Tayari ni kilo 245, na hatujaweka hata kijiko.

Tuongeze mizigo ya usiku mbili. Maji, litri tano kwa mutu kila siku kwa kunywa na kupika, ni kilo 50. Unga wa bukari, mafuta, samaki wa kukauka na mboga, kilo 20. Mbabula na makala, kilo 20. Hema, bashi, mikeka na mablanketi, kilo 30. Sufuria na sahani, kilo 10. Kriki, funguo na kamba, kilo 10. Ile ni kilo 140. Ukiunganisha na watu, jeep yako inabeba kilo 385.

Kweli, karatasi ya Japani si ukuta. Gari haivunjike kwenye kilo ya 276, na inchi zingine zinapima kwa njia ingine: kwa jeep za namna hii nambari inafika mara nyingi kilo 400 na kitu. Nambari ya gari yako utaikuta kwenye kitabu chake, ama shoferi mwenye kujua atakuonyesha sahani yake ya chuma. Lakini jeep yetu iko na miaka 15 ao 20, resori zimechoka, amotiseri zinatoka mafuta. Kilo 385 ni mwisho. Ukiongeza shangazi mumoja na gunia moja, umepita.

Na kupita kule kunajionyesha barabarani. Nyuma inashuka, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa toyi. Usiku taa zinaangalia miti, haziangalie barabara. Freni zinaomba nafasi ndefu ya kusimama, na kwenye barabara ya Likasi, ile RN39, mbele yako ni kamio za madini na nyuma yako ni kamio zingine. Mipira yenye upepo kidogo na mizigo mingi inapata moto, na mupira wenye moto unapasuka wakati gari iko mu mbio, hauchague mahali pa kukusaidia.

Panga kuanzia chini

Namna ya kupanga si siri, na haiombe pesa. Inaomba tu kufuata utaratibu.

Kwanza, toa kila kitu kwenye gari, kiweke chini kwenye bashi, na ukigawanye mara tatu: kizito, chepesi, na cha haraka.

Kizito kinaenda chini kabisa, na mbele, karibu na mugongo wa kiti cha nyuma: bido za maji, unga, sanduku la funguo. Hapana kukiweka kwenye mulango wa nyuma. Uzito wenye kupita gurudumu la nyuma unavuta gari kama mutu anayening'inia kwenye mukia wake. Bido tatu za maji ziwekwe zikisimama, zikigusana, na kamba ipite juu yao mpaka kwenye vyuma vya kufungia vya gari. Kama gari ikipiga freni kwa nguvu, bido ya kilo 20 yenye haikufungwa inaendelea na mwendo ule ule wa gari, na mbele yake ni kichwa cha mutoto.

Chepesi kinajaza mapengo: mablanketi kati ya sufuria, nguo kwenye mifuko laini kuliko mu valizi ngumu. Mufuko laini unaingia kwenye kona. Valizi inaacha shimo kila upande.

Kwenye galeri ya juu, weka tu mikeka, godoro nyembamba, bashi na hema. Jeep ndogo ni ndefu kwenda juu na nyembamba, na galeri yake inabeba kidogo sana. Suzuki Jimny, kwa mufano, haikubaliwe kupita kilo 30 juu. Gunia la unga la kilo 25 kwenye galeri linafanya gari ilale kila kona, na kwenye mashimo ya barabara ya udongo linaitikisa kushoto na kuume mpaka siku moja halitarudi kati. Fungeni galeri kwa kamba mbili zenye kupishana, si kwa moja yenye kuzunguka.

Cha haraka kinaingia mwisho kabisa, juu na karibu na mulango: toshi, panga, bashi moja, bido ndogo ya maji ya kunywa, sanduku la dawa. Mukifika saa kumi na mbili, giza iko nyuma yenu. Hakuna mutu anayetaka kushusha godoro na sufuria yote juu ya kutafuta toshi. Kriki na ufunguo wa gurudumu viwe mahali mukono unafika bila kushusha kitu. Wekeni na kipande cha ubao mugumu: kwenye muchanga, kriki bila ubao inaingia chini na gari inabaki pale pale.

Mwisho, mipira. Kwenye mulango wa shoferi kuko karatasi ndogo inayoonyesha upepo, na mara nyingi kuko nambari ya gari yenye mizigo. Pimeni mipira ikiwa baridi, asubuhi, na musisahau ule wa akiba.

Vitu vitatu vyenye kuua

Cha kwanza ni esansi ndani ya gari. Bido ya plastiki pamoja na watoto, madirisha yamefungwa juu ya vumbi, ni bomu na ni sumu pamoja. Na mara nyingi hakuna lazima. Tanki ya RAV4 inabeba karibu litri 60. Ijazeni Kolwezi, na kwa safari ya kwenda Nzilo na kurudi bido ile ibaki nyumbani. Nyumbani kutabaki na kilo 15 pia.

Cha pili ni mbabula ndani ya hema. Kolwezi iko kwenye urefu wa zaidi ya metre 1.400, na usiku wa mwezi wa saba baridi inakamata mifupa. Mama anasema: tuingize makala kidogo tu, watoto wapate joto. Ndugu zangu wa mu mashimo munaijua gesi ile. Ni ile ile ya motopompe yenye mutu aliwasha ndani ya shimo, na vijana wakashuka, hawakupanda tena. Haina harufu, haina rangi, inakuletea usingizi. Hema yenye kufungwa na gari yenye kufungwa ni shimo. Mbabula inalala inje, imezimwa. Joto linatoka kwa mablanketi: kama ni lazima kupunguza kilo, punguzeni sufuria, mablanketi yaende.

Cha tatu ni bido na magunia ya kazi. Bido yenye ilibeba asidi ao dawa za usini haibebe maji ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi. Gunia lenye lilibeba mawe halibebe unga. Manguo na bote za kazi hazilale na mablanketi ya watoto. Vumbi la madini linasafiri nazo. Na juu ya maji: kuchemusha kunaua vidudu, lakini hakutoe metali wala asidi. Maji ya mito inayopita karibu na migodi, hata yakiwa meupe, si ya kupikia. Juu ya ile, kilo 50 za maji ya nyumbani hazikatwe. Tukate vingine.

Watu mbele ya mizigo

Kuko kitu kimoja chenye tunafanya na hatukisemi. Kazini, hakuna mutu wetu anayepanda gari bila mukaba. Shoferi wa mugodi anazunguka gari, anaangalia mipira, taa, freni, anaandika kwenye karatasi mbele ya kuwasha moteri. Siku ya posho, mutu yule yule anaweka watoto wawili nyuma, juu ya magunia, bila mukaba, sababu kiti kimejaa. Anawapenda watoto wale kupita kampuni. Lakini kampuni njo inapata akili yake yote.

Sheria iwe moja: kila mutu kwenye kiti, kila kiti na mukaba. Kama shangazi anakuja, shangazi anapata kiti na mizigo inashuka. Kama viti havitoshe, safari mbili, ao mufungani mumoja mwenye gari aombwe kubeba mizigo. Buti si kiti.

Mukishapanga yote, musiende moja kwa moja. Tembeeni kilometre moja, simameni, shukeni. Kamba zote zitakuwa zimelegea kidogo, kazeni tena. Angalieni nyuma kama imeshuka sana. Sikilizeni kama kuna kitu kinagonga. Dakika tano zile ni bei ndogo.

Kurudi njo kunadanganya

Wakati wa kwenda, kila mutu anajichunga. Hatari inabaki siku ya yenga saa za kurudi. Kando ya barabara, makala iko bei ndogo kuliko mu muji, viazi vitamu viko kwa mafungu, samaki wa Nzilo wanangojea kwenye karai. Watoto wamechoka, giza inakuja, na papa anasimama: gunia moja, kisha la pili, moja kwenye galeri juu ya mikeka. Gari lenye liliondoka na hesabu nzuri linarudi likiwa limepita mwisho, mu giza, kati ya kamio.

Dawa yake ni rahisi, na mama wa nyumba wanaifahamu mbele ya wanaume: kinachoweza kurudi ni kilo za kile kilicholiwa na kunywewa. Mumekunywa na kupika maji ya kilo 50, mumekula kilo 15 za chakula, mumechoma kilo 10 za makala. Muko na kilo 75 za kununua, haziongezeke hata bei ikishuka namna gani. Viazi na gunia viingie chini, pale bido za maji zilikuwa. Kile chenye kinaomba kupanda kwenye galeri, kibaki kwa muuzaji. Ataendelea kuwa pale juma lenye kuja, na ninyi pia.